Meli za kifahari za mito ya Ulaya: kabla hujalipia roshani, uliza jirani yako atakuwa nani

Mama alikaa na mtandio kichwani ndani ya chumba chake mwenyewe, karibu wiki nzima. Chumba nilikilipia euro 3,400 kwa kila kichwa, chenye mlango wa kioo kutoka sakafuni hadi darini, ili mwanamke aliyezaliwa Kibokoni, Mombasa, aitizame mto Danube akiwa kitandani na kikombe chake cha chai. Asubuhi ya Vienna alivuta pazia. Mbele yake, karibu kiasi cha kuguswa, akakuta mzee wa kizungu ndani ya meli nyingine anapiga mswaki.

"Mwanangu," akaniita, "huyu anipungia mkono. Nami nimpungie?"

Pazia likarudishwa. Lilikuwa limefungwa Budapest, likafungwa Bratislava, likafungwa tena Linz. Kampuni siitaji, na aliyeniuzia naye simtaji, ila tangu nirudi nimeulizwa na ndugu na marafiki wengi wanaotaka kuwatembeza wazazi wao kwenye mito hii, basi nayaandika yote hapa mara moja.

Chakula nakiruka. Kwa bei hizi kote kinalika, na halali iombwe siku ya kulipia, si siku ya kupanda meli. Intaneti, vitanda na matembezi navyo naviruka, maana kila muuzaji atakuimbia hayo hata usipomuuliza. Nina jambo moja tu ambalo sikuambiwa: meli za mtoni hufungwa ubavu kwa ubavu.

Chanzo chake ni hiki. Meli nyingi za mito hii zina urefu wa mita 135 na upana wa mita 11.4, za kampuni hii na za kampuni ile. Mwaka 1992 ulifunguliwa mfereji wa Main-Danube, kilomita 171, unaounganisha njia ya mto Rhine na Danube, na tangu hapo meli inaweza kutoka Amsterdam ikateremka hadi Bahari Nyeusi. Lakini njiani kuna vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia meli, na upana wake ni mita 12 tu. Juu nako kuna madaraja, meli haiwezi kurefuka. Kwa hiyo wote wamejenga sanduku lile lile, na madirisha yamekaa kwa kimo kile kile. Gati za miji ya kale nazo ni chache. Meli ya kwanza hujifunga ukingoni, ya pili hujifunga kwenye ya kwanza, ya tatu kwenye ya pili. Zimekatwa kipimo kimoja kama sare za harusi, kwa hiyo dirisha lako linamwangukia jirani sawasawa usoni.

Aliye meli ya nje, akitaka kushuka, hupita katikati ya ukumbi wa meli ya ndani. Milango isipolingana, hupandishwa ngazi mpaka sitaha ya juu kabisa, akavuka, akateremka ngazi za upande wa pili. Kwa kijana ni mchezo. Kwa mama mwenye magoti ya miaka sabini ndiyo safari yenyewe hiyo. Linz alikataa kushuka.

Utasema si neno, meli ikiondoka nitaona. Subiri. Meli hizi husafiri sana usiku na kufungwa mchana, ili abiria washuke mjini. Maana yake, saa ambazo uko macho ndizo saa ambazo kioo chako kimezibwa na chuma, au na ukuta wa gati, au na mzee wa mswaki. Na vile vipande vya kusafiri mchana, kama bonde la Wachau huko Austria, kilomita 36 hivi kati ya Melk na Krems, au bonde la Rhine kutoka Rüdesheim hadi Koblenz lenye ngome kila kilima, hakuna anayekaa chumbani. Mandhari iko kulia na kushoto, chumba kina upande mmoja. Dürnstein, mahali alipofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192, sisi tuliiona kutoka sitaha ya juu, tumejifunika blanketi la meli, pamoja na wale waliolipa nusu ya bei yetu.

Kisha kuna neno lenyewe, balkoni. Wanakuuzia "balkoni ya Kifaransa", na hiyo si balkoni. Ni mlango wa kioo unaosukumwa pembeni, na mbele yake chuma cha kukuzuia usianguke mtoni. Hata kiti hakikai. Sisi watu wa Mji wa Kale tunaijua roshani: mbao zimechongwa, mwanamke anakaa nyuma yake aone njia nzima na asionekane na mtu. Hii yao inakufanya uonekane na usione, na kwa heshima hiyo unaongeza euro mia kadhaa.

Nilipomuuliza aliyeniuzia mbona hakuniambia, alinijibu kwamba "ni jambo la kawaida". Kama ni la kawaida lingeandikwa kwenye ile karatasi yenye picha ya mwanamke anayekunywa chai mbele ya Bunge la Budapest. Picha ile haijapigwa gatini, nakuhakikishia. Na wakati ule ule alikuwa ananisukuma nilipe kabla ya saa sita usiku kwa kuwa ofa inaisha. Ofa ile niliikuta imesimama pale pale wiki tatu baadaye. Usinianzishe na bei za "kuanzia", ambazo ni za kitanda kimoja kati ya viwili, chumba cha chini kabisa, wiki ya baridi. Ukisafiri peke yako mara nyingi unatozwa nyongeza, wakati mwingine karibu bei ya mtu wa pili ambaye hayupo.

Haya, kampuni. Nazipanga kwa kipimo changu cha jirani, na mwenye kipimo kingine apange chake.

Ya kwanza kwangu ni Viking, na sifichi mapenzi. Ilianzishwa mwaka 1997 na Torstein Hagen wa Norwei, na ni kubwa kiasi kwamba ina gati zake katika miji mingi. Nazo hufungana, sitasema uongo, lakini mara nyingi meli ya pembeni ni ndugu yake: milango inalingana, ngazi zinapungua. Paris ndiyo imenivutia zaidi. Walijenga meli fupi za mita 125 mahususi kwa mto Seine, nazo hufungwa karibu na mnara wa Eiffel, si nje huko unakoletwa mjini kwa basi. Mtoto wa chini ya miaka 18 hapandi. Wenye vijana wa sekondari, pole. Bakshishi ni juu yako, na meli moja ina abiria 190, si wachache.

Tauck ni ya pili, na ingekuwa ya kwanza kama pesa zingekuwa majani. Meli ya urefu ule ule wa mita 135 wao wanapakia watu 130. Bakshishi na matembezi vimo ndani ya bei, kwa hiyo huombwi kitu tena. Jirani atakuwepo, ila wewe hutasongamana naye.

Kwenye Danube peke yake, ifikirie AmaMagna ya AmaWaterways. Iliingia majini mwaka 2019 ikiwa na upana wa mita 22, karibu mara mbili ya nyingine, na abiria 196. Vyumba vingi vina roshani ya kweli ya kukaa. Kwa upana huo haipiti mferejini kwenda Rhine.

Uniworld na Scenic nitazitaja pamoja, wasinichukie. Uniworld ni mapambo, vioo na mahameli kama nyumba ya bibi harusi. Scenic ina watumishi wa vyumba na baiskeli za umeme. Zote mbili zinajisifu kwa vinywaji kujumuishwa. Kwa sisi tusiokunywa, hesabu ni rahisi: divai ya meza ya pili unailipia wewe. Avalon imegeuza vitanda vitazame dirishani badala ya ukutani, na dirisha linafunguka karibu ukuta mzima. Wazo zuri mno, mto ukiwa wazi. Ukifungwa ubavu kwa ubavu, unaamka uso kwa uso na familia ya watu.

Za bei nafuu, CroisiEurope ya Strasbourg na A-Rosa ya Wajerumani, zipo. Lugha mezani ni Kifaransa na Kijerumani kuliko Kiingereza. Basi.

Jirani unaweza kumpunguza kwa tarehe. Machi meli ni chache, na Novemba kabla masoko ya Krismasi hayajaanza. Muulize anayekuuzia, kwa maandishi: Vienna tutafungwa gati gani? Wengi hufungwa karibu na daraja la Reichsbrücke, na hapo si mjini. Unapanda treni ya U1 Vorgartenstraße, vituo vinne hadi Stephansplatz. Akikujibu "katikati ya jiji", huyo hajafika.

Kuhusu maji kupungua, Oktoba 2018 kipimo cha kimo cha maji pale Kaub kwenye Rhine kilishuka hadi sentimita 25, na ikitokea hivyo meli haipiti, unaweza kujikuta ndani ya basi. Ndiyo maana mimi nanunua kwa muuzaji aliyesajiliwa ndani ya Umoja wa Ulaya: sheria yao ya safari za kifurushi (usafiri na malazi vikiuzwa pamoja) inayotumika tangu Julai 2018 inakupa haki ya kujitoa bila faini wakibadilisha jambo kubwa kabla hujaondoka, na kupunguziwa bei ukikosa ulichouziwa.

Unayemleta mzazi kutoka nyumbani, viza ya Schengen (moja kwa nchi nyingi za Ulaya) ni euro 90 na bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000. Maombi yanapelekwa kwa nchi atakayolala usiku mwingi zaidi, kwa hiyo itake kampuni ikuandikie kila usiku meli iko wapi. Sisi tulipanda Budapest, lakini siku nyingi zilikuwa Austria. Njia za chini zinazopita Belgrade zinatoka Schengen na kurudi; hapo omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Mwaka uliofuata nilimchukua mama tena, safari hii Rhine, Amsterdam hadi Basel, na Viking. Nilinunua chumba cha sitaha ya chini, cha bei ya mwisho, ambacho wauzaji wanakionea haya: dirisha ni dogo, liko juu karibu na dari, na nje yake maji yako karibu sana. Cologne, kanisa lao lile lililoanzwa mwaka 1248 likamalizwa 1880, tulilitazama kutoka sitahani na mamia ya watu wengine, bure. Usiku meli nyingine ilikuja ikajifunga kwetu. Mama akapanda juu ya kiti kuchungulia.

"Ni bati tupu," akasema. "Hakuna mtu."

Akavua mtandio, akalala.