Amplifaya ya kibodi ya kupanda nayo boti: wati ziangalie mwisho

Mpiga kibodi anayecheza hoteli ya Nungwi Ijumaa, Paje Jumamosi, kisha ana harusi Chake Chake wiki ya pili, anataka spika ya kushuka nayo daladala kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika kibodi. Amplifaya nyingi za kibodi zinafeli hapohapo. Zile za spika moja ya inchi 12 au 15 zina besi tamu, lakini zinakaribia kilo 20 au kuzidi, na nyingi hazina betri. Hizo aachiwe mwenye ukumbi.

Mpaka wa uzito wa amplifaya tunaoushauri ni kilo 8. Piga hesabu: kibodi ya vibonye 61 kama Yamaha PSR-E373 ina kilo 4.6, stendi kama kilo 3, amplifaya kilo 7. Umeshafika 14.6, na ndege ndogo za kwenda Pemba kwa kawaida zinampa abiria kilo 15. Kwenye boti hakuna anayekupimia kwa ukali huo, lakini kutoka gatini Mkoani mpaka kwenye gari utabeba mwenyewe.

La pili ni betri. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na wa Pemba hivyohivyo, kupitia Tanga. Waya wa Unguja ulipoharibika Disemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme huo mpaka Machi 2010. Siku hizi ukikatika ni kwa muda mfupi, ila muda mfupi katikati ya wimbo wa bibi harusi unatosha kukuharibia jina. Halafu ufukweni soketi mara nyingi iko baa, mita 30 kutoka unapokaa, na waya wa kurefusha unapita kwenye mchanga wenye maji. Betri ni salama zaidi.

Betri ziko za aina tatu, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya majina yaliyoandikwa mbele ya boksi.

Za risasi na asidi, kama za gari, zimo ndani ya spika nyingi za bei rahisi, zile za magurudumu na mataa. Ni nzito, na haziponi zikiachwa tupu. Ukimaliza shoo Jumapili ukaiweka mpaka Ijumaa bila kuichaji, kila mara unaikata maisha. Ukinunua spika ya namna hii ikiwa imekaa dukani mwaka mzima bila chaji, jua umenunua na betri mpya ya kubadilisha.

Za lithiamu ni nyepesi na zinakaa saa nyingi. Bose S1 Pro (kilo 7 hivi, hadi saa 11) na JBL EON One Compact (kilo 8, hadi saa 12) ni nzuri kweli, zina mlango wa maikrofoni na sauti safi. Bei yake si ya bajeti. Ukiwahi kuipata iliyotumika, uliza kwanza umri wa betri. Kwa ndege, betri ya akiba inakaa kwenye mkoba wa mkononi, haiingii buti. Ikizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati kilichoandikwa kwenye betri) utahitaji ruhusa ya shirika.

Aina ya tatu ni zinazotumia betri za AA za kawaida, na kwa visiwa vyetu hizi ndizo tunazozipa kura. Zikiisha Wete saa nne usiku, unanunua nyingine duka la jirani. Nunua za kuchaji za NiMH, seti mbili, uwe unazibadilisha kwa zamu. Usichanganye mpya na za zamani, wala za kuchaji na za kutupa: moja dhaifu inazivuta zote chini na mlio unaanza kukwaruza mapema.

Katika kundi hili, chaguo letu la kwanza ni Roland KC-220: wati 30 za stereo, spika mbili za inchi 6.5, betri nane za AA, uzito wa kilo saba hivi. Imetengenezwa kwa kibodi hasa, na mwimbaji anapata mlango wake wa maikrofoni. KC-110 iliyoitangulia inafanana nayo sana na iliyotumika hupatikana kwa bei ya chini. Pesa ikibana zaidi, Roland Cube Street ina kilo 5.2 na betri sita, lakini ni wati 5 tu: inatosha baraza la watu ishirini waliotulia, haitoshi mbele ya ngoma ya kidumbak. Cube Street EX ya wati 50 inaweza, ila kwa nguvu zote betri zake nane zinaisha upesi.

Mbona wati tumeziweka nyuma? Kwa sababu kutoka wati 15 hadi 30 unaongeza desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Namba za maelfu zilizobandikwa kwenye spika za mataa, zenye herufi PMPO (nguvu ya kufumba na kufumbua tu, si ya kudumu), zipuuze kabisa.

Amplifaya ya gitaa usiinunue kwa sababu ni rahisi. Spika yake inaanza kuzima sauti juu ya hezi 5,000 hivi, na huko ndiko uliko ung'aavu wa fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu. Kwa taarabu, ambako kibodi moja inabeba kazi ya fidla, akodiani na kanuni pamoja, utasikika kama unapigia ndani ya godoro. Na bluetooth ni ya kupigia muziki wa simu wakati wa mapumziko. Ukipitishia kibodi, mlio unachelewa baada ya kidole na mwendo wote unapotea.

Mali iliyotumika kutoka Japani ina mtego wake: adapta nyingi za kule ni za volti 100. Hapa ni 230. Soma kibandiko, kama hakikuandikwa INPUT 100–240V, usichomeke. Tazama pia alama ya ncha: adapta za Roland nyingi zina hasi katikati, za Yamaha zina chanya katikati. Plagi inaingia vizuri tu, kisha kitu kinaungua.

Waya nao unawaangusha wengi. Kibodi ndogo zina tundu moja la hedifoni, ambalo ni stereo. Ukichomeka waya wa gitaa, upande wa kulia unagusanishwa na ardhi na unapotea. Kwenye sauti za piano za stereo, noti za juu ndizo zinazofifia. Tumia waya wa Y: stereo upande wa kibodi, mono mbili upande wa amplifaya. Casio CT-S300 inataka ncha ndogo ya milimita 3.5.

Dukani, Darajani au Mlandege, nenda na kibodi yako na waya wako. Weka besi na trebo katikati, sauti ya kibodi robo tatu. Bonyeza oktava ya chini kabisa ya piano uishikilie: boksi likitetema au kukoroma, wacha. Spika za inchi 6.5 hazitafika noti za mwisho za chini, hilo ni la kawaida; besi ya mkono wa kushoto ipandishe oktava moja. Kisha fidla za juu. Kisha chomoa adapta huku unapiga, usikie kama inahamia betri bila kukatika. Mwisho zima kibodi, sikiliza mvumo.

Ufukweni hakuna kuta za kurudisha besi, kwa hiyo iweke juu ya kiti, imeinama nyuma kidogo, mgongo karibu na ukuta wa baa ukiwepo. Mchanga usiingie ndani yake. Ukirudi, futa matundu ya jeki kwa kitambaa kikavu, toa betri za AA kama hutapiga wiki hiyo, na usiifunge kwenye nailoni ikiwa na unyevu: chumvi inakula jeki kwa ndani, na ukiona rangi ya kijani, dawa ya kusafishia mguso wa umeme (contact cleaner) ipulizwe kabla mlio haujaanza kukatikakatika.