TAHADHARI: Muuza laptopu na "kidude cha mausi"

Wapwani wenzangu, yuko mtu anazunguka hapa Mombasa na laptopu za mtumba, anasema zatoka Uingereza, na haya hana hata chembe. Mimi mwenyewe kaniuzia moja.

Tulikutana mkahawani Makadara, mchana kweupe. Dell Latitude, safi, kibodi haina herufi hata moja iliyofutika. Akaiwasha mbele yangu. Ilijivuta kidogo, akasema, "Inajisasisha mamangu, kesho itaruka." Nikafungua diski C, naona GB 238. Si ulisema 256? Akanieleza kwa upole kabisa: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, ndiyo maana namba inapungua. Nikampigia mpwa wangu palepale, akasema ni kweli. Na ni kweli! Sasa mtu anayekwambia ukweli wa namna hiyo utamshuku kwa lipi?

Mara ikaadhiniwa Alasiri. Akaomba ruhusa aende kuswali, akaniachia laptopu, chaja, mkoba, vyote. Mimi na mali yake mezani, hata shilingi sijamlipa! Wewe ungemdhania nini? Basi usinicheke. Aliporudi, suruali bado kaikunja kwa udhu, nikamtumia 24,000 kwa M-Pesa. Ubavuni mwa mashine palikuwa na kidude cheusi kwenye tundu la USB, kimetokeza nje kiasi cha ukucha. "Hicho ni cha mausi isiyo na waya, usikitoe kitapotea. Mausi yenyewe nakuletea kesho." Mausi hiyo naingoja mpaka leo.

Mambo yalifichuka mpwa wangu alipotaka tundu la modemu. Akakichomoa kile kidude, mashine imezimwa. Kuiwasha, skrini nyeusi na maandishi kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Tukalaumu betri, tukalaumu chaja. Akakirudisha, ikawaka kama kawaida. Nikakigusa: kimoto! Kumbe ni flashi. Windows nzima, na zile GB 238 nilizosomewa hesabu zake, zote zimo ndani ya kile kidude.

Fundi wa Mwembe Tayari aliiwasha akabonyeza F12, orodha ya vifaa vya kuwashia mashine ikaleta USB na mtandao basi. Akaingia mipangilio ya mashine kwa F2, akairudisha ya kiwandani, diski ya ndani bado haimo. Akafungua mfuniko: SSD, yaani diski yenyewe ya ndani, ipo, imekazwa skrubu vizuri, pambo tu. Akatia ya kwake nzima, haikuonekana. Hiyohiyo akaitia kwenye mashine nyingine, ikaonekana mara moja. Kwa hivyo tatizo si diski wala si Windows, ni tundu la diski kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine, ndilo lililokufa. SSD mpya ningeinunua ningetupa pesa mara ya pili. Na yule bwana alijua fika, ndiyo maana akachomeka flashi na kunisimulia habari za mausi.

Mtu kama huyu polisi peke yao hawamtoshi. Atembezwe Digo Road jua la saa saba, laptopu shingoni, kila duka atoke mtu amtazame. Sheria ya kuwalinda wateja tunayo tangu 2012, basi ifanye kazi! Na swala je? Katumia swala kuniibia! Mola atamlipa, lakini na sisi tumlipe kidogo kwanza.

Haya, dalili. Duka hana, kila mtu anakutana naye mkahawani. Pesa ataka kwenye namba yake mwenyewe, si till, namba ya malipo ya duka. Risiti "nitakuletea". Ukipiga simu baadaye, haipatikani. Kabla hujalipa chomoa KILA kitu ubavuni, izime, iwashe tena. Inapoanza kuwaka, Dell na ThinkPad bonyeza F12, HP ni F9, uone diski ya ndani imo kwenye orodha. Akikwambia usichomoe, ondoka.

Kama ashakuuzia na wewe, fanya hivyo leo, kisha niandikie inboksi na ujumbe wako wa M-Pesa uuhifadhi. Nataka twende kuripoti tukiwa wengi, asije akasema mimi ndiye niliyeiharibu.