MRI (picha za sumaku) na fizio (mazoezi ya viungo) ya kiharusi, kituo kimoja hapa Dar: nyota nne

Mzee wetu kapata stroku, mkono wa kulia ukalegea, CT skani ikatoka safi, kumbe mshipa ukiziba saa za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, hapa wakampiga MRI na kadoa kakaonekana ubongo wa kushoto. Daktari wa picha alituelekeza taratibu kwenye skrini mpaka bi mkubwa akaelewa, hongera zake. Chanzo hakijajulikana, eko (ultrasound ya moyo) safi, mishipa ya shingo safi, kasema kama robo ya viharusi vya kuziba viko hivyo, ila mzee kafungwa kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo maana yakienda ovyo damu huganda na donge hupanda kuziba mshipa wa ubongo. Fizio wako poa, saivi kikombe anashika. Risepsheni sasa, jamani! Bima wanaizungusha mpaka mgonjwa anachoka kukaa.