Akriliki ipi ununue? Itazame kwanza ikiwa imekauka

Malalamiko yanayonifikia kuhusu rangi za akriliki yanafanana mno. Mtu amechora jioni machungwa yaliyopangwa mafungu kwenye genge, ameyapaka kwa mipigo mipana bila kuhangaikia mistari, na amelala akiwa ameridhika. Asubuhi anakuta kivuli cha zambarau alichokiweka chini ya machungwa kimekuwa kizito, karibu na cheusi, na swali lake ni moja: je, niliuziwa rangi bandia? Mara nyingi hakuuziwa bandia. Aliuziwa rangi ambayo hakuna aliyemwambia itakavyokuwa ikishakauka.

Akriliki ni unga wa rangi uliochanganywa na maji na gundi ya akriliki. Gundi hiyo ikiwa mbichi ni nyeupe kama tui la nazi, na weupe huo huipauza rangi; maji yakishatoka, gundi huwa angavu na rangi hukolea. Rangi za kiza na zile zinazopitisha mwanga, kama bluu ya ultramarini (PB29, namba ya unga wake wa rangi kwenye lebo), ndizo zinazobadilika zaidi, ilhali zilizotiwa nyeupe nyingi ya titani (PW6) hubadilika kidogo tu. Mchoraji anayejenga picha taratibu, tabaka juu ya tabaka, atalirekebisha hilo njiani. Anayechora vitu vya kila siku kwa mkono mwepesi, ambaye mpigo mmoja wa brashi unatakiwa uwe nyanya au mkunjo wa kanga na hana nia ya kuurudia, hana nafasi hiyo. Waliozoea rangi ya mafuta inayong'aa, ile ambayo Edward Saidi Tingatinga alianza kuipaka juu ya hadibodi jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hushtuka kuliko wote, kwa sababu rangi ile haina weupe wa namna hiyo.

Kwa hiyo sitapoteza muda kueleza harufu, uzito wala wingi wa tyubu katika boksi. Nimezipanga rangi hizi kwa kuuliza kama mnunuzi anaweza kujua, kabla ya kutoa fedha, atakachokiona picha ikishakauka.

Ya kwanza ni Golden Heavy Body ya Marekani, na sifichi kwamba ninaipendelea. Kampuni hiyo iliyoanzishwa na Sam Golden mwaka 1980 hupaka kwa mkono, kwenye lebo ya kila tyubu, rangi yenyewe iliyomo ndani, juu ya mistari myeusi iliyochapishwa. Ukiishika tyubu karibu na jicho utaona alama za brashi, utaona rangi ilivyo baada ya kukauka, na utaona pia kama inafunika: mistari ikipotea, inafunika, ikionekana waziwazi, hiyo ni rangi ya kupakwa juu ya nyeupe. Maswali mawili makubwa ya mnunuzi yanajibiwa hapo hapo dukani bila kufungua kifuniko. Rangi yenyewe haitiwi vijazio wala vitu vya kufifisha mng'ao, ndiyo maana baadhi hukauka ziking'aa na nyingine zikiwa hazing'ai. Kuna watu linawakera hilo. Mimi linanipa picha yenye uhai.

Ya pili ni akriliki ya Winsor & Newton ya daraja la Professional, kutoka Uingereza. Gundi yake imetengenezwa iwe angavu zaidi hata ikiwa mbichi, kwa hiyo tofauti kati ya rangi ya paletini na ile ya asubuhi ni ndogo. Mwenye kushika kipimo changu kwa ukali atasema hii ilistahili kuwa ya kwanza, na sitabishana naye sana, ila mimi huamini zaidi rangi iliyopakwa kwenye lebo kuliko rangi iliyochapishwa.

Amsterdam Standard ya Royal Talens, Uholanzi, inashika nafasi ya tatu, nayo ndiyo ninayomshauri anayeanza. Hubadilika ikikauka, lakini lebo yake ni ya kweli: ina namba ya unga wa rangi, alama za kujumlisha zinazoonesha inavyostahimili mwanga, na kijisanduku kinachokuambia kama inafunika. Tyubu ya mililita 120 humfaa mtu anayepaka kwa brashi pana, maana uchoraji huu hula rangi. Nyeupe hasa ninunuayo ni hii, hata ninapotumia Golden kwa rangi nyingine, kwa kuwa akriliki za kampuni tofauti huchanganyika bila shida.

Galeria ya Winsor & Newton na System3 ya Daler-Rowney zinafuata. Ni laini zaidi, na nyekundu zake zenye jina la kadimiamu hazina kadimiamu halisi, yaani unga wa rangi wa bei ghali utokanao na metali ya jina hilo. Hilo si kosa, ilimradi hutozwi bei ya kadimiamu.

Boksi la tyubu 24 za mililita 12 zisizo na namba yoyote ya rangi ni la watoto.

Na hapo kwenye bei ndipo ninapokasirika. Golden na Winsor & Newton hupanga rangi za madaraja haya ya juu kwa gharama ya unga uliotumika, na namba ya kundi huchapishwa kwenye tyubu: rangi za udongo huwa katika kundi la chini, kadimiamu na kobalti katika makundi ya juu. Katika duka moja ninaloenda, tyubu zote huuzwa kwa bei moja, ile ya kundi la juu kabisa, na nilipouliza kwa nini ocha, rangi ya udongo wa manjano, igharimu sawa na kadimiamu nilijibiwa kwamba zote ni orijino. Duka hilo hilo lilinikatalia kufungua kifuniko, nami nikafika nyumbani na tyubu iliyotoa kwanza maji ya njano na baadaye donge gumu, dalili kwamba gundi na unga vilishaachana kitambo rafuni.

Kwa hiyo ibonyeze tyubu kwa vidole kabla ya kulipa. Ikiwa ngumu upande mmoja na majimaji upande mwingine, irudishe. Omba mpako mdogo kwenye kadi na usubiri ukauke, kwani kwa joto la pwani ni suala la dakika chache. Muuzaji akikataa, nunua ile yenye mpako kwenye lebo, na umsomee namba ya kundi kabla hajataja bei.