Koi mweusi begani: uzoefu wangu wa tatuu ya kudungwa kwa mkono huku Japani

Nimekaa na hii tatuu miezi minne sasa, imepona kabisa, ndo nimeona naweza kuiandikia vizuri, maana rivyu ya mtu ameandika siku hiyo hiyo ngozi bado imefura haisaidii mtu. Niko Yokohama, nafanya kwa yadi ya magari, haya haya ya mtumba mnayopokea Mombasa. Koi, yule samaki wa mapambo wa Kijapani, wangu ni mweusi, mkia unaanzia juu kidogo ya kiwiko, kichwa kiko begani, na maji yanamzunguka.

Kwanza kwa nini koi. Mimi ni mtu wa Naivasha. Kule kwetu mwanzo wa miaka ya 2000 kuliingia samaki anaitwa kapu, magamba makubwa, sharubu nne mdomoni, akazaana mpaka akawa ndiye samaki wa ziwa, na mzee wangu alikuwa anamvua usiku, mamangu anamkaanga pale Kamere asubuhi, na hiyo ndo ilikuwa karo yangu yote hadi form four. Sasa nimefika huku siku moja nikaenda bustani ya Sankeien, nikaona koi kwenye bwawa nikasimama kabisa, kwa sababu ukitoa zile rangi ni yule yule kapu wetu, hata vile anafungua mdomo juu ya maji. Na si kufanana tu, ni ukoo mmoja. Wakulima wa mpunga kule milima ya Niigata walikuwa wanafuga kapu wa kula, theluji ikifunga njia wana kitoweo, halafu karne ya 19 wakaanza kuona wengine wanazaliwa na madoa mekundu, wakawatenga, wakawazalisha, ndo tukapata hawa koi wa bei kali wa leo. Alianza kama chakula cha watu wa kawaida, kama kwetu.

Mzee alituacha Novemba. Mei iliyofuata, natoka kazini, nikaona samaki wa kitambaa wanapepea kwenye mlingoti, huku tarehe 5 Mei ni siku ya watoto na familia nyingi hutundika hizo koi. Mweusi mkubwa juu kabisa, mwekundu chini yake, wadogo chini zaidi. Mzee mmoja wa pale yadi akaniambia ule mweusi ni baba. Sikulala vizuri siku hiyo. Nikajua nitachora koi mweusi na siyo rangi ingine yoyote.

Studio ya kwanza sitaitaja. Yule jamaa aliniangalia mkono mara moja akasema ngozi yako nyeusi sana haitaonekana, hata hakuuliza nataka nini. Niliumia kusema ukweli, nikakaa karibu mwaka mzima bila kutafuta mwingine. Wa pili ndiye huyu sensei wangu, yaani fundi wangu kama wanavyomwita huku kwa heshima, mtu mzima, anadunga kwa mkono kwa ile njia ya zamani wanayoita tebori, na kikao cha kwanza hakugusa sindano kabisa, tuliongea tu. Nilikuwa nimembebea orodha nimetoa mtandaoni, ati bluu ni amani, dhahabu ni pesa, nyekundu ni mapenzi. Akaisoma yote kwa heshima halafu akaniambia hizo ni za juzi juzi, kwao wao maana iko kwa samaki anaelekea wapi na kuna nini kando yake. Hadithi yenyewe imetoka Uchina, kapu wanapanda Mto Huang He wakipigana na mkondo mpaka kwenye maporomoko ya Lango la Dragoni, anayefaulu kuruka anageuka dragoni. Kwa hiyo anayepanda ni yule bado anapambana. Akaniambia pia wazee walimhesabia kapu magamba 36 kwenye mstari wa ubavuni na dragoni 81, yaani sita mara sita na tisa mara tisa, nikaona kumbe hata hesabu wamewawekea.

Halafu akaniuliza mzee wako alikufa mwezi gani. Nikasema Novemba. Akachora majani ya momiji, ule mti wa majani mekundu ya msimu huo, akasema sakura hapana, hiyo ni ya Aprili na huwezi changanya misimu kwa mwili wa mtu. Hapo ndo alinipata kabisa.

Sasa hii ya ngozi nyeusi nataka niiseme vizuri juu ndo wengi mtaniuliza. Wino unakaa kwa ngozi ya ndani na ile rangi yetu iko juu yake, kwa hiyo unaona wino kupitia rangi yako mwenyewe, kama unaangalia kupitia glasi ya chai. Nyeupe na manjano zinafifia, nyekundu inashuka inakuwa kama ya tofali, nyeusi inabaki nyeusi. Sensei alichofanya ni kuacha ukingo wa kila gamba bila wino, kwa hiyo mwanga wote wa huyu samaki ni ngozi yangu yenyewe. Mistari nene, magamba makubwa, hakuna vitu vidogo vidogo vya kuja kuchanganyika baadaye. Na kabla ya yote alinidunga alama ndogo ndani ya mkono tukangoja wiki sita kuona kama kovu litavimba, maana keloidi zinatupata sisi zaidi. Kama kwenu kuna keloidi usiruke hiyo hatua, hata mchoraji akikuharakisha.

Kudungwa kwenyewe: mistari ya nje alipiga na mashine, kivuli chote ni mkono. Ule mti wa sindano anaulaza juu ya kidole gumba cha kushoto, mkono huo huo unavuta ngozi na umebana brashi ya wino katikati ya vidole, anasukuma, anasukuma, unasikia shak shak shak kama mtu anaparuza samaki magamba polepole. Kwangu iliuma kidogo kuliko mashine, ila karibu na kwapa nilitokwa na machozi. Vikao saba, jumla masaa 18, yeni 13,000 kwa saa, ukipiga hesabu ni kama laki mbili za Kenya. Nilikuwa naweka kidogo kidogo kila mwezi na sijutii hata yeni moja. Jicho alilifanya mwisho kabisa, kikao cha saba, dakika chache tu, na huyo samaki akawa ananiangalia.

Ubaya upo. Huku tatuu bado watu wanaiunganisha na yakuza, yale magenge ya wahalifu, serikali iliipiga marufuku 1872 mpaka 1948, na ni mwaka 2020 tu ndo Mahakama ya Juu kabisa ilisema mchoraji hahitaji leseni ya daktari. Mimi nimeshazuiwa kuingia bafu la maji moto mara mbili na jimu moja, kazini navaa mikono mirefu hata Agosti na joto la hapa si mchezo. Kama unapenda onsen, hayo mabafu ya maji moto, sana fikiria kwanza. Na kama hujui Kijapani tafuta mtu wa kutafsiri, mimi bila yule mzee wa yadi ningepotea, yale maongezi ya kikao cha kwanza ndo kazi yenyewe.

Niliogopa kumuonyesha mamangu, yeye ni mtu wa kanisa. Nilimpigia video mwezi uliopita nikakunja mkono wa shati bila kusema kitu. Akanyamaza. Akaniambia nisogeze simu karibu, akauliza huyu si kapu, nikamwambia ndiyo mama, na huku yule mweusi ndiye baba. Akaangalia muda mrefu sana, halafu akasema sharubu zimekaa sawa.