Tahadhari: kijana wa "dawa ya buluu" ya vidimbwi, hapa Bukavu

Jambo ndugu zangu. Wenye vidimbwi vya samaki Muhumba, Nguba na Bagira, someni hii kabla huyu kijana hajawafikia. Mimi amekwisha kunipitia.

Anakuja na pikipiki, begi mgongoni, na chupa za maji ya kunywa zilizobanduliwa karatasi. Ndani mna maji ya buluu kali kama wino. Alikuta kidimbwi changu kimekuwa kijani kama sombe. "Mama, hii inatoka Ubelgiji. Chupa moja tu, kesho unahesabu mawe ya chini. Samaki haiwagusi." Dola 15, nikamshusha hadi 12 na kujiona mjanja.

Hakuuliza kidimbwi kina maji kiasi gani. Hapo hapo ningemfukuza.

Siku ya pili maji yalianza kufunguka kweli, nikamsifu hadi kwa jirani. Siku ya tatu alfajiri nikakuta tilapia wote wamekuja juu, midomo nje, wanahema. Kufikia saa nne nilikuwa nimeopoa 31 kati ya 40. Hata konokono walikufa. Nikampigia. "Mama, hao walikuwa wagonjwa tangu mwanzo. Nina dawa ya pili, dola 20." Tangu siku ile simu yake haipatikani.

Jirani yangu ni mwalimu wa kemia. Alisugua msumari wa chuma kwa msasa, akauchovya katika dawa iliyobaki. Hatujamaliza chai, msumari umetoka mwekundu, umevaa shaba. Ni sulfati ya shaba, ileile ambayo wakulima huichanganya na chokaa na kunyunyizia nyanya dhidi ya ukungu. Mwani, yaani vijimea vidogo vinavyofanya maji kuwa kijani, dawa hiyo inauua kweli, ila kipimo chake hutegemea lita za maji na chokaa iliyomo. Mimi najaza kwa mvua ya bati, na maji ya mvua hayana chokaa ya kuipunguza makali, basi shaba ikawavaa samaki kwenye matamvua. Halafu mwani uliokufa kwa mkupuo unaoza na kumaliza oksijeni, na saa ambayo oksijeni huwa chini kabisa ni alfajiri. Shaba yenyewe haiozi, inatulia kwenye tope. Lengalenga zangu sizimwagilii maji yale.

Na niseme kwa aibu: ukijani ule niliuleta mwenyewe. Kibanda cha sungura kilikuwa juu ya maji, mbolea inadondoka usiku na mchana, na bado nilitupa pumba kila nilipopita. Sasa kibanda nimekihamisha, chakula natoa kile wanachomaliza kwa dakika chache, na yungiyungi zimeanza kutia kivuli kona moja. Wanaofuga tilapia wa kula wasiogope kijani kidogo, hicho ni chakula cha samaki. Ingiza mkono hadi kiwiko: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwikoni, ndipo kijani kimezidi.

Nimesikia sasa yuko upande wa Kadutu, na chupa amezibandika karatasi yenye picha ya samaki. Yangu bado ina robo ndani. Anayetaka kuhakikisha aje, ila aje na msumari wake.