Uzoefu wangu na AdwCleaner: inachofuta na inachokiacha

Kivinjari kinafungua ukurasa wa utafutaji ambao hukuuchagua, matangazo yanaruka kwenye tovuti ambazo kwa kawaida hazina tangazo hata moja, na umeshaondoa programu mbili tatu bila nafuu. Hapo AdwCleaner, programu ya kuondoa programu za matangazo zilizojipenyeza kwenye kompyuta, ndiyo ninayoishika kwanza. Ni ya bure, ni ya megabaiti chache tu, na haisakinishwi: unaibofya kutoka kwenye flashi inaanza kazi. Kwenye Windows 10 na 11 naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki naibana kwa sababu ya vitu inavyoviacha nyuma, na ndivyo vinavyowafanya watu waseme siku ya tatu kwamba "haifanyi kazi".

Kwanza uipate iliyo halali. Ilianzia Ufaransa, na Oktoba 2016 ikanunuliwa na Malwarebytes, kampuni ya usalama wa kompyuta, kwa hiyo pa kuipakua ni tovuti ya Malwarebytes. Ukiandika jina lake kwenye utafutaji, matokeo ya juu yanaweza kuwa tangazo la kulipiwa lenye kitufe kikubwa cha kijani, na faili utakayopewa ikawa ya mtu mwingine kabisa. Utakuwa umenunua dawa kwa muuza ugonjwa. Kabla ya kuifungua, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", kisha kichupo cha "Digital Signatures". Jina liwe Malwarebytes. Kichupo hakipo? Futa faili.

Usidhani pia kwamba tovuti yenye jina kubwa ni kinga. SourceForge, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ghala la programu huria, ilianzisha mwaka 2013 mpango wa DevShare uliofunga ofa za watu wengine ndani ya kisakinishi. Waandaaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, wakaondoka huko Novemba mwaka huohuo. Mpango ulifutwa Februari 2016, baada ya tovuti kupata wamiliki wapya. Java nayo kwa miaka ilikuja na upauzana wa utafutaji wa Ask unaojibandika kwenye kivinjari, tiki ikiwa imeshawekwa tayari. Biashara yenyewe ni nyepesi: mwenye kisakinishi hulipwa kwa kila kompyuta itakayopokea mzigo wa ziada, kwa hiyo anapata faida usiposoma. Dalili ninayoiamini zaidi ni ukubwa wa faili. Programu inayojulikana kuwa ya megabaiti arobaini ikija kama faili ya megabaiti mbili, na tovuti si ya mtengenezaji, ujue hicho ni kipakuzi kitakachovuta vingine njiani kwa bando lako.

Sasa matumizi. Hifadhi kazi zako zote, kwa sababu kabla ya kusafisha itafunga programu zilizo wazi na mwishoni itaomba kuwasha upya kompyuta. Iwe na intaneti pia, ili ivute orodha mpya ya inavyovitafuta. Bofya "Scan Now"; kwa kawaida ni dakika chache. Vitakavyoonekana viko makundi mawili: programu za matangazo na zile zisizotakiwa, halafu programu zilizowekwa na mtengenezaji wa kompyuta. Kundi la pili lisome jina kwa jina. Baadhi ya programu hizo ni takataka za kibiashara, lakini nyingine ndizo zinazoendesha vitufe vya mwanga na sauti au kupunguza kiwango cha kuchaji betri. Mimi husafisha kundi la kwanza peke yake, nawasha upya, natazama hali, ndipo narudi kwa la pili nikiona haja.

Ikimaliza, ripoti hukaa kwenye C:\AdwCleaner\Logs. Herufi S kwenye jina la faili ni ya ukaguzi, C ni ya usafishaji. Isome, usiifunge tu. Sehemu ya "Tasks" ndiyo ninayoitazama kwanza, kwa sababu kazi zilizopangwa za Windows ndizo zinazorudisha uchafu kila unapoingia kwenye kompyuta. Kisha "Shortcuts": baadhi ya programu hizi huongeza anwani ya tovuti mwishoni mwa njia ya mkato ya kivinjari, ndiyo maana ukurasa wa mwanzo hubaki uleule hata ukibadilisha mipangilio mara kumi.

Kuna wakati baada ya usafishaji kompyuta inaunganika na Wi-Fi vizuri lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mara nyingi sababu ni kwamba programu ya matangazo ilipitisha safari zote za kivinjari kwenye proksi yake (kituo cha kati kinachopokea na kupitisha mawasiliano), 127.0.0.1, yaani ndani ya kompyuta hiyohiyo, sasa programu imeondoka na anwani imebaki inaelekeza pasipo na mtu. Ndani ya mipangilio ya AdwCleaner kuna swichi za kurekebisha proksi na Winsock, sehemu ya Windows inayounganisha programu na mtandao. Ziwashe, kisha safisha tena. Ila kama ni kompyuta ya ofisi yenye proksi yake halali, usiiguse hiyo ya proksi bila kumuuliza mtu wa mtandao, maana utajikatia njia mwenyewe.

Kuhusu vinavyobaki.

Kikubwa ni arifa. Yale madirisha madogo ya pembeni yanayosema "kompyuta yako ina virusi 5" mara nyingi si programu kabisa. Ni tovuti uliyoiruhusu kutuma arifa ulipobofya "Allow" ili eti video ichezeke. Ukaguzi utatoka safi na madirisha yataendelea. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications na uondoe kila tovuti usiyoitambua. Sekunde thelathini, basi.

Cha pili ni usawazishaji wa akaunti. Umefuta kiendelezi kibaya (programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari) kwenye kompyuta hii, lakini kiko kwenye akaunti yako ya Google na kwenye kompyuta nyingine iliyo kazini, kwa hiyo kinashuka tena. Zima usawazishaji kwanza, safisha kila kompyuta, ndipo uuwashe.

Halafu kuna maneno "Managed by your organization" kwenye menyu ya Chrome ya mtu asiye na shirika lolote. Fungua chrome://policy. Ukikuta "ExtensionInstallForcelist", kuna kitu kimeandika kwenye rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake, kwamba kiendelezi fulani kisiondoleke. AdwCleaner ina swichi ya kufuta sera za Chrome, lakini ni wewe wa kuiwasha. Na maelekezo ya zamani yanayokutuma utumie kisafishaji cha ndani ya Chrome yapuuze, kwani Google walikiondoa Machi 2023.

Upande wa faragha ndiko watu wanakopita haraka kupita kiasi. Kufuta programu hakurudishi ilichokwisha kutuma. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaona kila ukurasa unaoufungua, na hakihitaji kuwa na sura ya uhalifu. Novemba 2016 waandishi wa kituo cha utangazaji cha NDR cha Ujerumani walionyesha kwamba historia za watumiaji wa Web of Trust, kiendelezi cha kukuambia tovuti ipi ni salama, zilikuwa zikiuzwa, na baadhi ya watu waliweza kutambulika. Superfish, programu ya matangazo, ilikwenda mbali zaidi: iliwekwa kiwandani kwenye baadhi ya kompyuta za Lenovo kuanzia 2014, ikaweka cheti chake cha mzizi, yaani kile ambacho kompyuta hukitumia kuamini tovuti nyingine, ili ipenyeze matangazo hata ndani ya kurasa za https. Ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote, na Februari 2015 ukajulikana hadharani.

Kwa hiyo baada ya kusafisha mimi hufuata utaratibu huu. Natoka kwenye vifaa vyote kupitia ukurasa wa usalama wa akaunti, kwa sababu kuki iliyoibwa huweza kumwingiza mtu bila nenosiri. Kisha nabadilisha nenosiri la barua pepe, halafu la benki, halafu mengine, nikitumia kifaa ambacho hakikuguswa. Pia nafungua certlm.msc, dirisha la vyeti la Windows, sehemu ya "Trusted Root Certification Authorities", kutafuta cheti chenye jina la programu ya matangazo. Firefox ina hifadhi yake ya vyeti, itazame peke yake.

AdwCleaner hailindi. Inafagia ukiiita, kisha inalala. Kinga ya bure imo ndani ya Windows yenyewe: Windows Security, "App & browser control", "Reputation-based protection", na uweke tiki zote mbili chini ya "Potentially unwanted app blocking". Ya pili, ya kuzuia upakuaji, inafanya kazi kwenye Edge. Kwa programu za kawaida nimeacha kutafuta vitufe vya kupakua. Naandika winget install VideoLAN.VLC au winget install 7zip.7zip kwenye dirisha la amri (winget ni amri ya Windows ya kusakinisha programu), na hakuna kisanduku cha kunitega.

La mwisho, matangazo ya bidhaa ya kulipia ya Malwarebytes yaliyomo ndani ya AdwCleaner yanachosha, lakini yanapitika bila kununua. Na usikimbilie kuiondoa kwa kitufe chake cha mipangilio, kwa sababu inaondoka na karantini, mahali inapohifadhi ilivyoviondoa, pamoja na ripoti zote. Naiacha wiki moja. Kama kuna programu ya kazi iliyogoma kufunguka, nairudisha kutoka karantini. Kama hakuna, naifuta yote.